Vikapu vya chunga toka Panama: mkuu, hiyo bei sio wizi

Mkuu umeuliza kikapu cha Wawounaan (kabila la wenyeji wa asili wa Panama), kidogo tu cha kukaa kiganjani, kuuzwa dola 150 kama ni wizi. Hapana, sio wizi, na nakujibu kwa nilichokiona maana nilikuwa baharia, meli yetu ilikaa Panama siku kadhaa ikisubiri zamu ya kupita mfereji, tukapata ruhusa tukaenda hadi kijiji cha Waembera mto Chagres, kule unaingia kwa mtumbwi wa injini. Waembera na Wawounaan ni jirani wa damu, wengi wako msitu wa Darién, na kazi yao ya vikapu ni moja.

Mimi kwetu Pemba, bibi alikuwa anasuka mikeka na nimekua nachana ukindu, sasa nilidhani ni mambo yale yale. Sisi tunasuka ukili mrefu halafu ndio tunaushona. Wale hawasuki kabisa, wanashona mwanzo mwisho: nyuzi za nahuala (mmea ule ule wa zile kofia wanaziita za Panama na kumbe zinatoka Ecuador) zinakusanywa kama kamba, zinazungushwa kuanzia kitovu cha kitako, kila mzunguko unabanwa kwa sindano na uzi wa chunga, mti ambao nitaueleza hapo chini. Kama umeshika agaseke, kile kikapu cha Rwanda, mtindo ni huo, ila hizi uzi wake mwembamba mno.

Na huo uzi kuupata ndio shughuli. Chunga ni jamii ya minazi, shina zima miiba mirefu myeusi, huwezi kuukwea, na kinachotakiwa ni kuti changa la katikati ambalo halijafunguka. Wapo wanaoangusha mti mzima, ndio maana sehemu nyingine lazima utembee mbali kuukuta, wengine wanafunga kisu kwenye fimbo ndefu wanakata kuti tu, mti unabaki hai. Linachanwa, linaoshwa, linaanikwa mpaka liwe jeupe, halafu rangi: bizari ya manjano, mbao ya cocobolo kwa wekundu wa kahawia, na mzingefuri, huu huu watu wa Kwale wanaouita mrangi, nilivyouona pale nilifurahi kama nimekutana na ndugu.

Nilimuuliza mama mmoja kikapu chake, kikubwa kama sufuria ya kilo mbili, amekianza lini. Miezi minne, akasema, na anashona akishamaliza kupika na shamba. Gawa mwenyewe bei ya kikapu kama hicho kwa siku.

Ukienda kununua kigeuze kwanza, tazama kitako, mwanzo wa mzunguko uwe umebana na mishono imelala sawa, kamba ya ndani isichungulie. Muulize muuzaji nani kakishona na wa kijiji gani, akishindwa kujibu tafuta mwingine. Na ukimpata mshonaji mwenyewe, tafadhali usimkandamize bei, mpe anachotaja.