Re: Sarah Bernhardt aliigiza filamu akiwa na mguu mmoja?

Mkuu, ni kweli, huyu mwigizaji wa jukwaani wa Kifaransa aliigiza hivyo, ila si filamu zote. Mguu wake wa kulia ulikatwa Bordeaux, Ufaransa, Februari 1915, akiwa na miaka 70. Filamu ya Mères françaises ya 1917 ni ya baada ya hapo. Humo utamwona zaidi ameketi au ameegemea kitu.

Kwa kuwa umeuliza uanzie wapi, anza na ile ya 1912, Les Amours de la reine Élisabeth (Mapenzi ya Malkia Elizabeth), ambamo malkia ni yeye. Wengi huicheka bure. Filamu bubu za enzi hizo zilipigwa takriban picha 16 kwa sekunde. Nakala ikichezwa kwa 24, malkia anaonekana kama anafukuzwa. Punguza kasi hadi 0.75, utaona tofauti. Halafu kamera imesimama mbali, haisogei, naye anaigizia mtu wa kiti cha nyuma kabisa. Na sauti, iliyompa jina jukwaani, haimo! Mwishoni anaanguka kifudifudi juu ya lundo la mito, kisha anarudi kuinamia watazamaji kana kwamba yuko ukumbini.

Kama huna muda, tafuta filamu ya 1900 ya pambano la panga la Hamlet, yule mwana wa mfalme katika tamthilia ya Shakespeare. Halifiki hata dakika mbili, na Hamlet ni yeye mwenyewe.