Maswali ya Wasomaji: Pawasaplai Mpya, Kompyuta Bado Haiwaki

SWALI: Pawasaplai (kifaa cha kuilisha umeme) ya kompyuta yangu ya mezani iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Nimenunua nyingine ya wati 500, nikaifunga mwenyewe. Nikibonyeza kitufe, feni zinazunguka na taa ya mbele inawaka, ila skrini ni giza tupu. Fundi anasema madabodi (ubao mkuu wa ndani) imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usitoe hela bado. Feni zikizunguka bila kukatika, maana yake kitufe kimesikika na pawasaplai imeitika. Kwa dalili hiyo, baada ya kubadili pawasaplai, cha kushuku kwanza ni waya wa prosesa (ubongo wa kompyuta).

Madabodi hulishwa na plagi mbili: kubwa ya pini 24, na ndogo ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa peke yake. Tundu la hiyo ndogo liko pembeni kabisa ya madabodi, karibu na prosesa, na mara nyingi limejificha nyuma ya feni au rundo la nyaya. Ukilisahau, kila kitu kinazunguka ila prosesa haina umeme, kwa hiyo hakuna picha.

Sasa angalia umechomeka nini humo, maana hapa ndipo watu wengi huharibu. Plagi ya pini 24 mara nyingi huja vipande viwili, 20 na 4. Kile kipande cha pini 4 kina nyaya za rangi nne: njano, chungwa, nyekundu na nyeusi. Si cha prosesa! Cha prosesa kina njano mbili na nyeusi mbili tu. Kadhalika plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiki, yaani ya picha, (6 na 2) hufanana na ya prosesa (4 na 4), lakini nyaya zake zimepangwa kinyume: kwenye ya prosesa njano ziko upande wa ulimi wa kubania, kwenye ya kadi upande huo una nyeusi. Ukiilazimisha unapiga shoti moja kwa moja. Siku hizi nyaya nyingi ni nyeusi zote, hivyo soma maandishi kwenye plagi: CPU au PCI-E. Plagi sahihi huingia bila ubishi na ulimi hulia "ka".

Kama waya huo uko sawa, chomoa kompyuta ukutani, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10 kumaliza chaji, kisha toa RAM (vipande vya kumbukumbu) na kuirudisha mpaka vibanio vifunge. Mkono uliopita humo ndani kufunga pawasaplai huilegeza kirahisi. Ikiwa una kadi ya grafiki, waya wa skrini uwe kwenye kadi, si kwenye madabodi, na kadi ipewe plagi yake ya umeme.

Bado giza? Toa RAM zote, chomeka kispika kidogo cha madabodi, washa. Ikipiga milio, prosesa na madabodi ziko hai na zinalalamikia RAM, na kauli ya fundi imeanguka. Ikikaa kimya bado hujathibitisha chochote, kwani si kila madabodi hulia.

Dalili nyingine kwa ufupi. Feni zikicheza robo mzunguko na kusimama, huenda kuna shoti: chomoa kadi, diski na vya USB kimoja kimoja, na utafute skrubu iliyodondoka chini ya madabodi. Ikiwa kimya kabisa, tazama swichi ya nyuma (iwe kwenye I, si O), plagi ya pini 24, na vile viwaya vidogo vya kitufe cha mbele, ambavyo hutoka hata kwa kuguswa. Pawasaplai za bei nafuu zina pia kiswichi chekundu cha 115/230. Kwetu ni 230. Kikiwa kwenye 115 unasikia mlipuko, na hapo si suala la kubadili fyuzi tu, nunua nyingine. Wala usifungue kasha lake, kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Kuipima pawasaplai ni rahisi. Ikiwa imechomolewa ukutani, tenga plagi zote na vifaa, ila acha feni moja ya kesi kama mzigo. Kwenye plagi ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kibanio cha karatasi, kisha washa. Feni izunguke. Kwa mita ya volti, waya wa njano usome kati ya volti 11.40 na 12.60, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Zambarau iwe na volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kufaulu hapa hakuthibitishi kwamba itahimili mzigo mzito, ila kufeli kunatosha kuirudisha dukani.

SWALI: Nina Dell OptiPlex 9020 ya mtumba. Pawasaplai mpya ina plagi ya pini 24 lakini madabodi ina tundu la pini 8. Nikate nyaya niunganishe? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana. Hizo mashine hazifuati mpangilio wa kawaida. Tafuta adapta ya pini 24 kwenda 8 iliyotengenezewa modeli yako. Adapta ya OptiPlex 7040 ni ya pini 6 na haikufai. Plagi ya prosesa ya pini 4 unachomeka kama kawaida. Diski, ambayo awali ilipata umeme kutoka kwenye madabodi, unaweza kuilisha moja kwa moja kwa waya wa SATA wa pawasaplai mpya. Ikiwa yako ni ile nyembamba, pima nafasi kwanza: pawasaplai ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na humo haiingii.