Rambirambi zina daftari, marehemu hana

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Mtaani au kijijini kwenu, waliofariki mwaka huu wanakumbukwaje baada ya matanga kuanuliwa?"

Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa mpaka Kyela, jibu la haraka ni hili. Aliyetoa rambirambi ya shilingi elfu mbili ameandikwa jina, kiasi na tarehe, tena kasomwa hadharani. Marehemu kasomwa mara moja tu, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, na wiki inayofuata hakuna ajuaye karatasi iko kwa nani. Vikundi vya kufa na kuzikana vina madaftari ya michango yaliyopigiwa mistari vizuri kabisa. Daftari la watu wenyewe ni la kutafuta.

Kulianzisha hakuhitaji mfadhili. Inatosha kaunta buku moja, kalamu nyeusi, na mwandishi asiye na haraka. Ugumu uko kwenye kujua uulize lini, uulize nini, na kipi usikiandike.

Siku ya mazishi yenyewe usiulize kitu. Historia ya marehemu inayosomwa kaburini huandikwa usiku wa kuamkia maziko, mara nyingi na kijana aliyekabidhiwa kazi kwa sababu ana mwandiko mzuri, wakubwa wakimtajia kwa zamu na kupingana. Ndiyo maana historia nyingi ni pacha: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, akapelekwa zahanati, akahamishiwa hospitali ya wilaya, akaruhusiwa, hali ikabadilika ghafla. Hesabu mistari uone. Ugonjwa wa miezi mitatu umekula nafasi kuliko miaka arobaini ya kazi. Ugonjwa unatosha sentensi mbili. Karatasi ya kaburini isipite maneno 400, yaani dakika nne hivi. Asiisome mtoto wa marehemu wala ndugu wa tumbo moja, maana sauti itakatika pale pale penye majina ya watoto na watu hawatasikia kilichobaki. Na kati ya Desemba na Aprili iwekwe kwenye faili la plastiki, kwa sababu mvua ya huku haina adabu na wino wa kalamu ya jeli unachuruzika.

Daftari lianze siku ya pili baada ya mazishi. Hapo ndipo shangazi wa Makete, rika la marehemu na wajukuu wa Dar es Salaam wako uwanja mmoja, wamelala, wamekula, na kilio kimepungua. Nafasi hiyo haidumu, pengine siku tatu. Basi la kwanza likiondoka limeondoka na nusu ya majibu, na siku ya arobaini hawarudi wote.

Kuhusu maswali, liko moja la kulikwepa kabisa: "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" Jibu lake linajulikana kabla hujauliza. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu. Marehemu wote wa kata nzima ni wacheshi. Uliza kazi ya mikono yake. Kwa bibi aliyesuka vikapu vya milulu, uliza milulu aliichuma bonde gani na mwezi gani, nani alimfundisha kuanza kitako, nani sasa anaweza kumalizia ukingo kama wake, vikapu vyake vilikwenda soko gani. Kwa mgema ulanzi, uliza alikuwa na mashina mangapi ya mianzi, mbeta, yaani vyombo vya mwanzi vya kukingia ulanzi, alizichonga mwenyewe au alinunua, na msimu huu nani anapita asubuhi na jioni kukata ncha badala yake. Kwa aliyekuwa reli ya TAZARA, uliza gengi na stesheni. Kwa mkulima wa pareto, uliza kikaushio kilikuwa wapi. Ukiuliza hivyo, tabia ya mtu inajitokeza yenyewe: utaambiwa mbeta za mzee yule hazikuwahi kukutwa na nyuki waliokufa ndani, na hapo umeshapata zaidi ya "alikuwa msafi".

Waliosafiri waulizwe kwa jina la safari. Wazee waliokwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, au Wenela, yaani migodi ya Afrika Kusini, kabla ya Uhuru, wanamalizika. Familia husema tu "aliwahi kufanya kazi nje". Uliza alikwenda mwaka gani, na nani, alirudi na nini. Baiskeli, cherehani au gramafoni iliyorudi naye huwa inakumbukwa hata pale mwaka ulikosahaulika.

Tarehe ndizo zinazoharibu madaftari mengi. Usinakili tu tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho. Mzee asiyejua siku yake aliwekewa ya kukadiria, kama 1 Januari au 1 Julai, na wapo waliopunguza umri ili wapokelewe shule au kazini. Pima kwa matukio. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga Juni 1954. Uhuru ni 9 Desemba 1961. Dk. Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa Isimani siku ya Krismasi 1971. Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vipya, ilipamba moto 1974. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979. Waziri Mkuu Sokoine alifariki 12 Aprili 1984. Ndugu wakisema marehemu alikuwa bado anabebwa mgongoni Klerruu alipouawa, andika "1970 hivi". Wakisema alikuwa darasa la pili kijiji kilipohamishwa, rudi nyuma miaka tisa au kumi na uandike "1964/65". Mkwaju huo katikati ya miaka miwili una ukweli zaidi kuliko tarehe kamili ya kubuni. Tafuta matukio mawili yanayokubaliana. Likiwa moja tu, weka alama ya kuuliza.

Mahali nako kuna mtego. Mkoa wa Njombe umeanza 2012, na Songwe 2016, kwa hiyo mtu amezaliwa Iringa na kuzikwa Njombe bila kuhama nyumba. Andika kitongoji, kijiji na kata. Mkoa uje mwisho.

Majina yaandikwe yote: la ubatizo au la dini, la nyumbani, la ukoo, la utani. Wanawake ndio wanaopotea zaidi. Mtu kaitwa "Mama Fulani" miaka hamsini, na siku ya msiba majirani ndiyo wanasikia jina lake kwa mara ya kwanza. Halafu anaandikwa "mke wa Mzee Fulani" na inaishia hapo. Ukoo wa baba yake uandikwe, na kijiji alikotoka kuolewa. Watoto wahesabiwe aliowazaa na waliobaki, namba mbili tofauti. Mama aliyezaa tisa akabaki na sita hajaacha sita tu. Waongezwe na aliowalea. Vijiji vingi vya huku vina bibi waliolea wajukuu baada ya wazazi kuondoka, na wajukuu hao wakiachwa nje ya daftari wanaliona.

Kisichoandikwa ni hiki. Tuhuma za kurogwa, hata kama uwanja mzima unanong'ona. Jina la ugonjwa, isipokuwa familia imelisema hadharani. Madeni, mashamba, nani kapewa ng'ombe. Daftari likigusa mirathi, siku moja litabebwa barazani kama ushahidi, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayekujibu swali. Wala lisichukuliwe kuwa mbadala wa cheti cha kifo: kifo kinasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30, na familia inayosubiri mpaka benki idai cheti inajitafutia safari za bure.

Kwenye desturi hii Wamoravian wametutangulia wengine. Wamisionari wao walifika Rungwe 1891, wakiwa wa kanisa ambalo huko Herrnhut, Ujerumani, tangu karne ya 18 lilikuwa na utaratibu wa muumini kuandika maisha yake mwenyewe akiwa hai. Akifa, ndugu huongeza mwisho, yanasomwa mazishini na kuhifadhiwa. Tena kwenye ibada yao ya alfajiri ya Pasaka makaburini, wanawakumbuka kwa namna ya pekee waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Wakatoliki wana 2 Novemba, siku ya marehemu wote. Kikundi cha mchanganyiko kinaweza kuchagua siku isiyo ya dini yoyote, kwa mfano mkutano mkuu wa mwaka, na kusoma mistari mitano kwa kila marehemu. Kwa Waislamu, maziko hayangoji, na historia ndefu kaburini haina nafasi. Mwandishi aende baadaye, kwa ruhusa ya wafiwa. Kuandika maisha ukiwa hai kunafaa wote. Mzee wa miaka themanini akiketishwa juani saa moja, na mjukuu anaandika, ubishi wote wa tarehe umekwisha kabla haujaanza.

Sasa kaburi lenyewe. Msalaba wa mbao wenye rangi ya mafuta husomeka misimu miwili, mitatu. Wengi hukimbilia kujengea kwa vigae mapema, na hilo ni kosa: udongo uliochimbwa haujashuka, hasa udongo laini wa volkano wa Rungwe, na zege hupasuka katikati mvua ya kwanza ikinywea. Ngoja msimu mmoja mzima wa mvua upite. Katikati ya hapo, kibao cha saruji kinatosha, na kwa wasiotaka kujengea kinatosha moja kwa moja. (Waislamu wengi hawaandiki wala kujengea, kwa hiyo hiki si chao.)

Fremu ya mbao iwe sentimita 60 kwa 45, kina sentimita 5. Changanya lita 5 za saruji na lita 15 za mchanga uliooshwa. Maji ni lita tatu na nusu hivi. Ukifinyanga konzi ibaki na umbo bila kutoa maji. Saruji hiyo ni kama kilo 7, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unatoa vibao saba, jambo zuri kwa kikundi kinachonunua kwa pamoja. Jaza nusu, laza kipande cha wavu wa kuku, jaza iliyobaki, sawazisha. Subiri mpaka kidole gumba kiache alama pasipo maji kupanda. Mbeya mjini penye jua huchukua muda wa saa mbili au tatu. Makete mwezi wa Julai inaweza kufika tano. Ukiandika mapema herufi zinajifunga, ukichelewa kingo zinabanduka. Tumia msumari wa inchi 4 uliotiwa butu, kina cha milimita 5, herufi za sentimita 3. Herufi ishirini ndizo zinazoingia kwenye mstari, na majina ya Rungwe yanayoanza na Mwa- hayana huruma na fundi, basi pima kwanza kwenye karatasi na kila jina lipewe mstari wake. Funika kwa magunia mabichi siku saba. Mchanga wenye udongo ndio unaoleta nyufa za utando wa buibui, si uchache wa saruji kama mafundi wanavyopenda kusema.

Makaburi mengi ya huku yako shambani, chini ya migomba au pembeni ya msitu wa misindano, na shamba likiuzwa au miti ikikua, kaburi linamezwa. Kwa hiyo simama kaburini na simu dakika moja nzima, kisha nakili namba za ramani mpaka tarakimu tano baada ya nukta. Ile ya kwanza ina alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, marehemu wa Mbeya anahamia karibu na mpaka wa Ethiopia na Sudan Kusini. Ongeza na maelezo ya macho: hatua 22 kutoka mparachichi, upande wa mto. Chini ya miti minene simu hukosea mita kadhaa, na hatua ndizo zitakazokuokoa.

Daftari likae kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na moshi wa jikoni. Lisifungwe kwenye plastiki likiwa na unyevu. Huko Tukuyu litaota ukungu ndani ya mwezi. Kila ukurasa upigwe picha, na picha wawe nazo watu wawili wa nyumba tofauti. Stetasi ya WhatsApp isihesabiwe kuwa kumbukumbu, maana inakufa baada ya saa 24.

Andika upande wa kulia tu. Ukurasa wa kushoto uachwe mtupu kwa ajili ya aliyechelewa msiba, atakayekuja mwaka ujao na kusema ile baiskeli haikutoka Wenela, ilinunuliwa Mbeya. Usifute cha kwanza. Kipige mstari mmoja huku kikiendelea kusomeka, uandike kipya mkabala wake, na jina la aliyesema.