Re: Filodendroni yangu inageuka njano, nifanyeje?

Ndugu, umesema unaimwagilia filodendroni yako kila siku na bado majani ya chini yanageuka njano. Hapo kwenye "kila siku" ndipo penye shida. Asili ya mmea huu wa mapambo ni misitu ya joto ya Amerika, na aina nyingi hupanda miti, mizizi ikishika magome na kupata hewa tele. Kwenye udongo uliolowa muda wote mizizi hukosa hewa, ikaoza.

Itoe kwenye chungu leo uitazame. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mgumu ukiubana. Uliooza ni wa kahawia, unateleza vidoleni, na ganda lake huchomoka likaacha uzi mwembamba tu. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, kisha panda upya kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na vipande vya magome au makumbi ya nazi. Chungu lazima kiwe na matundu chini, hilo halina mjadala. Kuanzia hapo, chomeka kidole kwanza: sentimita 2 hadi 3 za juu zikikauka ndipo umwagilie.

Mwanga? Karibu na dirisha, ila jua kali litababua majani.

Jani lililokwisha kuwa njano halirudi kijani, likate tu.

Na tafadhali sana, kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au paka, iweke wasipofika. Ina fuwele za kalsiamu oksaleti, yaani chembe ndogo sana zenye ncha kali. Akitafuna jani, mdomo humchoma na ulimi unaweza kuvimba.