Saa 20 kwa wiki: kusoma Uingereza huku ukibeba boksi

Kabla hujakata tiketi, piga hesabu hii. Tangu Aprili 2026 kima cha chini cha mshahara Uingereza, kwa mwenye miaka 21 na zaidi, ni pauni 12.71 kwa saa. Mwanafunzi wa shahada anayesoma muda wote huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Hizo ni pauni 254. Makato yakitoka unabaki na kama 250, yaani takriban 1,080 kwa mwezi. Idara ya uhamiaji yenyewe, inapokutaka uoneshe akiba benki, inakadiria pauni 1,171 kwa mwezi kwa anayeishi nje ya London, na 1,529 kwa wa London. Kwa hiyo hata ukizipata saa zote 20, mshahara hautoshi kula na kulala, sembuse ada. Na mara nyingi huzipati zote: mikataba mingi ya vibarua haiahidi hata saa moja. Wiki hii unaitwa mara mbili, wiki ijayo simu kimya. Tenga pango na chakula cha miezi mitatu, mbali na ada. Anayekuambia "ada utaitafuta hukohuko" anakuponza.

Kazi ambayo wengi wetu huingia ni ya kuhudumia wazee, na huko mwajiri anaweza kukudai cheti cha polisi cha tabia njema kutoka nyumbani. Kichukue kabla ya kuondoka. Kukifuatilia kutoka mbali kunakula wiki nzima nzima. Ukifika, kuthibitisha haki ya kufanya kazi unatumia namba iitwayo share code, ambayo unaitoa mwenyewe, bure, kwenye akaunti yako ya uhamiaji mtandaoni. Namba ya National Insurance (bima ya taifa, ambayo makato yako ya mshahara huandikwa kwayo) nayo huombwa bure kwenye tovuti ya serikali, na unaweza kuanza kazi wakati bado unaisubiri. Usimlipe mtu akufanyie haya.

Sasa saa zenyewe, maana hapa ndipo viza za watu zinapopotelea. Wiki huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Hakuna kufidia: ukifanya saa 10 wiki hii, huwezi kufanya 30 wiki ijayo. Zamu za nyumba za wazee mara nyingi ni za saa 12; hata ukitoa saa moja ya mapumziko isiyolipwa, zamu mbili ni saa 22, tayari umevuka. Omba zamu moja ndefu na moja fupi. Zamu ya usiku wa Jumapili, kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, inagawanyika: saa nne ni za wiki inayoisha, nane ni za wiki mpya. Ukiwa na waajiri wawili, saa zinajumlishwa, na ajira isiyolipwa nayo inahesabiwa. Wakala wa kazi akikupigia usiku kwamba kuna pengo la zamu, haoni saa ulizofanya kwa mwingine. Weka daftari, andika kila zamu siku hiyohiyo.

Wanaosoma shahada ya uzamili wasikilize kwa makini zaidi. Wa shahada ya kwanza wakifunga chuo wanaweza kufanya kazi saa zote. Wewe, Juni hadi Septemba unapoandika tasnifu, kwa kawaida bado unahesabiwa uko masomoni, na saa ni zilezile 20. Chukua barua ya tarehe za mihula kutoka chuoni, mwajiri anaihitaji.

Kujiajiri hairuhusiwi kabisa. Hiyo ni pamoja na kusambaza chakula kupitia programu za simu, ambako msambazaji kwa kawaida huhesabiwa amejiajiri. Kukodi akaunti ya mtu ni kosa juu ya kosa.

Kuhusu kodi, mambo ni machache. Kwenye fomu ya mfanyakazi mpya chagua kauli A kama hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili. Kisha tazama hati ya mshahara: alama 1257L maana yake pauni 12,570 za mwaka hazikatwi kodi ya mapato, ukiona BR, unakatwa asilimia 20 ya kila pauni. Kama una kazi moja tu, wasiliana na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wairekebishe, na kilichozidi hurudishwa. Angalia pia malipo ya likizo, maana kibarua wa zamu naye anayo haki hiyo.

Awamu ya ada ikikaribia na fedha haijatimia, nenda ofisi ya fedha ya chuo kabla ya tarehe, ukiwa na kiasi ulichonacho na mpango wa kilichobaki ulioandikwa. Omba kuigawa awamu, uliza kama kuna mfuko wa dharura unaowapokea wanafunzi wa kimataifa, na wanachokubali wakuandikie kwa barua pepe. Usiache vipindi ili utafute fedha hizo: chuo huangalia mahudhurio, na kikikuondoa masomoni kinalazimika kuiarifu idara ya uhamiaji, ambayo hufupisha viza.