Redio za vali, sufuria ya maharage na daftari moja

Mleta mada, umeuliza kama mtu wa kipato cha kawaida anayependa redio za zamani, anayetaka kula kwa gharama ndogo, na ambaye bado ana baiskeli ya kufunguafungua kila mwisho wa wiki, achague jambo moja aache mengine. Waliotangulia kujibu wamekushauri uchague. Mimi ninayo hayo hayo matatu kwa miaka mingi na sijaacha hata moja, kwa hiyo nakueleza yalivyokaa pamoja katika nyumba moja.

Nianze na redio, maana ndiyo iliyonifundisha hayo mengine. Redio yangu ya kwanza ya vali, yaani zile chupa za kioo zinazowaka ndani na kukuza ishara, ilikuwa na kasha la mbao, kitambaa cha spika kimechanika, na kioo cha stesheni kilichoandikwa majina ya miji: London, Hilversum, Luxembourg. Nilivutwa na kile kioo. Nikaileta nyumbani, nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Vali zikaanza kuwaka rangi ya chungwa, spika ikanguruma, nikasikia sauti ya mtu kwa mbali. Dakika chache baadaye chumba kikajaa harufu ya nta inayoungua. Transfoma ya spika ilikuwa imekwisha.

Kilichoiua ni kapasita moja ndogo ya karatasi, kifaa cha kushika chaji ya umeme. Kazi yake ni kupitisha sauti kutoka vali ya kwanza ya sauti kwenda vali ya mwisho, ile inayosukuma spika, na wakati huohuo kuzuia umeme mnyoofu (DC) wa volti nyingi usivuke. Karatasi yake ikishazeeka na kunyonya unyevu, umeme unaanza kuvuja kidogo kidogo. Vali ya mwisho inapata volti chanya pale ambapo haikupaswa kuipata, inavuta mkondo kupita kiasi, inapata moto mkali, na waya mwembamba wa transfoma unakatika. Ukiitazama kapasita yenyewe haina dosari yoyote. Ukiipima ndipo unajua. Ningekuwa na mita ya kupimia umeme siku ile na kuweka ncha zake kwenye gridi ya vali ya mwisho, yaani mlango wake wa kuingizia ishara, ningeona volti chanya mahali panapotakiwa kusoma sifuri au hasi, nikazima mapema.

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu ambao sijauvunja. Redio ya zamani haipati umeme kabla haijakaguliwa. Naifungua, naondoa vumbi kwa brashi, naangalia kama waya wa umeme umekauka na kupasuka, na kama imewekwa kwa volti za nyumbani kwangu, kwa sababu nyingine zilitengenezwa kwa volti 110 hadi 120 na nyingine 220 hadi 240. Kisha naiwasha kupitia balbu iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme, yaani umeme wa redio upite kwanza kwenye balbu. Iwe balbu ya zamani yenye uzi wa kuwaka, ya wati 60 au 100. Balbu za LED hazifai kabisa kwa kazi hii. Redio ikiwa nzima, balbu inawaka kwa nguvu kidogo halafu inafifia. Ikiendelea kuwaka vikali, ndani mna shoti, na balbu imebeba moto ambao ungekwenda kwenye transfoma.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo la uhai. Volti za ndani ya redio ya vali ni za kuua, mara nyingi zaidi ya 200, na kapasita kubwa za chujio, zile zinazolainisha umeme wa ndani, zinaweza kuendelea kushika chaji baada ya kuchomoa waya ukutani. Zitoe chaji kwa rezista (kipande kinachopunguza mkondo), hakikisha kwa mita, ndipo uguse. Ukilazimika kupima redio ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni. Na zipo redio za bei ya chini za enzi zile zisizo na transfoma ya umeme, ambazo chasisi yake ya chuma imeunganishwa na waya wa ukutani wenyewe. Hizo usiziguse bila transfoma ya kutenganisha umeme. Kama huna, ziache kabatini mpaka uipate.

Gharama si kubwa kama watu wanavyodhani. Kapasita za karatasi zote nazibadilisha kwa za plastiki za volti 630, na za chujio naweka za volti 450 zenye uwezo wa chaji unaokaribiana na wa zile za zamani. Usiongeze sana ile ya kwanza baada ya vali ya kunyoosha umeme, utaichosha. Kapasita zinazokaa kwenye waya wa ukutani ziwe za daraja la usalama, X au Y kulingana na mahali pake. Rezista napima moja moja, kwa sababu zile za kaboni hupanda thamani zikizeeka. Vali zenyewe ndizo watu hukimbilia kununua, na kwa uzoefu wangu mara nyingi huwa ndizo zilizo nzima. Nyingi ya redio hizi zinafuata mfumo uleule alioubuni Edwin Armstrong mwaka 1918: ishara yoyote unayoikamata inageuzwa kuwa ya masafa mamoja, kwa kawaida karibu na kilohezi 455, kisha inakuzwa. Ukiuelewa mchoro mmoja, redio ya pili haitakuchukua nusu ya muda wa ile ya kwanza.

(Redio za transista, kile kipande kidogo kilichochukua nafasi ya vali, sizizungumzii sana. Transista yenyewe ilipatikana Bell Labs mwaka 1947, na redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ikatoka 1954. Ubovu mwingi niliokutana nao humo ni betri zilizovuja. Kama ni za alkali, siki kidogo kwenye pamba inaondoa ule unga mweupe, kisha pangusa kwa spiriti.)

Sasa jikoni. Miezi ambayo pesa zilibana, nilifanya kama wengi: nikapunguza ununuzi kwa kukisia. Haikusaidia. Ndipo nikajiuliza kwa nini redio siigusi bila mita, lakini jikoni nakata hiki na kile kwa macho tu. Nikachukua daftari lilelile ninaloandikia vipimo vya volti za redio, upande wa nyuma, nikaandika kwa wiki mbili kila kilichotupwa: kitu gani, kiasi gani, kwa sababu gani. Nilitarajia nitaona tunanunua vitu ghali. Nilichoona ni kwamba tunapika kingi kuliko tunavyokula, na mboga zinanyauka kabla ya siku yake kufika. Uvujaji ulikuwa hapo. Nikaanza kununua mboga kidogo mara mbili kwa wiki na kupika kwa kipimo cha kikombe, na matumizi yakashuka bila mtu nyumbani kulala na njaa.

Msingi wetu ni maharage makavu. Kilo moja inatoa zaidi ya kilo mbili yakiiva, na yakiliwa pamoja na nafaka protini zake hukamilishana, kwa sababu pungufu ya moja inazibwa na nyingine. Nayaloweka usiku kucha na chumvi kidogo, inalainisha maganda. Nyanya, ndimu au siki vinaingia yakishalainika, si kabla, maana uchachu huyafanya yakawie kuiva. Na kama yamekaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, usilaumu moto wala jiko. Maharage ya namna hiyo hukakamaa na hata saa nne hazitoshi.

Kinachookoa nishati ni sanduku la joto. Ni kasha lililojazwa nyasi kavu au mablanketi ya zamani, lenye shimo la kukaa sufuria. Chakula kinachemka jikoni, sufuria inafunikwa vizuri na kuzikwa humo, kinaendelea kuiva kwa joto lake bila moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli, si joto la vuguvugu, kwa hiyo namwaga maji ya kuloweka, naweka mapya, nayachemsha kwa nguvu nusu saa nzima ndipo yaingie sandukuni. Sufuria ijae, kwa sababu iliyo nusu hupoa haraka. Nina kipimajoto, kabla ya kula nahakikisha hayajashuka chini ya digrii 60, kisha nayachemsha tena. Saa hizo zote mimi nipo mezani kwa redio, siendi kuchungulia jiko.

Baiskeli haina maneno mengi. Mnyororo naupima kwa rula: vipingili 24, kila kimoja nusu inchi, ni inchi 12 ukiwa mpya, ukirefuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi naubadilisha kabla haujala meno ya gia. Nayo imeandikwa daftarini.

Usiku nasikiliza. Jua likizama, tabaka la chini kabisa la ionosfia (sehemu ya anga ya juu yenye chaji za umeme), linalomeza masafa ya kati, hupotea, na stesheni za mbali ambazo mchana hazipo zinaanza kuingia. Mwanzoni nilipata mlio wa kukera uliofunika kila kitu. Nikazima vifaa vya nyumbani kimoja kimoja huku redio ikinguruma, nikagundua ni chaja moja ya simu. Nimeitoa, na nikapata mazoea ya kutoacha chaja ukutani zikiwa hazina kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu pesa: usipunguze sahani ya chakula ili ununue vali. Kile kinachookolewa jikoni kwa kipimo, sehemu yake kiende redioni, na redio ya pili isiingie ndani kabla ya ya kwanza kuongea. Wapo marafiki zangu wenye makasha kumi na tano yaliyofunguliwa na hakuna linalotoa sauti, na inaniuma kuona mbao nzuri zile zikiliwa na wadudu.

Hiyo uliyosema umerithi kwa babu, usiichomeke. Fungua mgongo wake, angalia kama ndani ya kasha kuna karatasi ya mchoro iliyobandikwa, kisha uandike hapa namba zilizochapwa kwenye vali na kama unaona transfoma kubwa ya umeme au huioni. Tutaanzia hapo.