Fundi wa kurano anajibu: podiomu yenye kukamata batu

Yaya fundi, jambo. Niko nafunga taa za korali moja hapa Goma, upande wa Himbi. Siku ya konseri tulitundika taa 12 za ledi kwa chuma za podiomu, kurano ilikuwa ya jenereta. Muimbaji mumoja alikuwa miguu wazi, mukono moja kwa mikro, ingine akashika chuma, akalia "inanikamata!" Wakubwa wakasema ni kurano kidogo tu, wakatandika karpeti tukaendelea. Turnevisi ya testi inawaka kila fasi ya chuma. Shida ni nini?

Mudogo yangu, iyo karpeti iliniumiza roho. Sikia vizuri. Kila taa ya ledi iko na kifaa ndani chenye kupeleka kurano kidogo sana kwa mwili wake wa chuma, ni vile inatengenezwa, na fili ya kijani-manjano njo yenye kuibeba inaiteremusha kwa udongo. Kama tere (njo ile njia ya kuteremuka kwa udongo) haiko, ao mutu alikata ule muguu wa tere kwa fishi ju prizi ilikuwa ya matundu mbili (mumefanya, najua, na sikucheki ju mimi pia nilifanya wakati nilikuwa kijana), mwili wa taa unabakia unaelea karibu na volti 110. Taa moja utasikia kama chungu inatembea kwa kidole. Sasa weka 12 kwa chuma moja, zote zinajumulika. Na mikro yenu iko na tere kupitia miksa, njo maana kurano ilipita mukono kwa mukono, na katikati ya mikono kuko moyo.

Kama ni ile kurano kidogo ya taa tu, hiyo bado ni bahati nzuri. Bahati mbaya ni fazi (fili yenye kuleta kurano) yenye kuchubuka ndani ya taa moja na kugusa chuma, na mukono wako hauwezi kutofautisha, miliamperi 30 tu zikidumu zinaweza kuua mutu. Basi zima yote, chomoa yote, shika multimetri, turnevisi ile uiache kwa kufungulia visi. Kwa kila taa, kati ya muguu wa tere na chuma ya mwili inapashwa kuwa karibu sifuri, chini ya omu 1. Kati ya fazi na chuma multimetri isionyeshe njia hata kidogo. Taa yenye kuonyesha njia iende pembeni, usiseme tutaitengeneza kisha konseri.

Kisha jenereta. Ndogo nyingi netri yao (fili ya kurudisha kurano) haijafungwa kwa mwili, kwa hiyo hata ukinunua diferensieli ya miliamperi 30 (kifaa chenye kuruka na kukata kurano ikipotelea kwa udongo) ukaiweka pale, fazi ikigusa chuma haitaruka, kurano haina njia ya kurudia. Ita fundi mwenye kujua afunge netri na mwili wa jenereta na tere pamoja, fasi moja tu, mbele ya diferensieli. Na ile kitufe ya testi ya diferensieli uifinye kila siku ya kazi, lakini usidanganyike: inaruka hata kama tere haiko kabisa, inajipima yenyewe tu. Chuma zote za podiomu nazo uziunganishe na fili ya kijani-manjano, 6 mm² kwenda juu.

Utaniuliza tere ya Goma utaipata wapi, na mawe ya Nyiragongo iko chini ya kila kitu. Kweli, unapiga nyundo, fimbo inapinda, na jiwe la volkano likikauka halipitishi kurano vizuri. Usijiumize. Chimba mufereji kwenye udongo uko, lalisha fili ya kopa tupu ya mita nyingi, rudisha udongo, mwagia maji. Na diferensieli ya miliamperi 30 hata tere ya omu 100 inatosha kuirusha, njo maana kwetu hapa hiyo kifaa si ya anasa. Kama hauna, usiwashe.

Fundi, niko na sale ya harusi Bukavu. Ralonji yetu ya kuzungusha iliyeyuka katikati ya sherehe, na dijonkteri (yenye kukata kurano ikizidi) haikuruka! Kulikuwa taa nne tu za zamani, zile za vati 1000.

Mama, "tu" hiyo ni vati 4000. Gawa na volti 220, amperi 18, wakati prizi ya kawaida ni ya 16. Halafu naona hamukuifungua yote, sivyo? Kebo yenye kuzungushwa inajipikia yenyewe. Angalia kibandiko cha ralonji, mara nyingi kuko namba mbili: moja ya ikifunguliwa, ingine ya ikizungushwa, na hii ya pili inaweza kuwa kama vati 1000 hivi. Dijonkteri yenu labda ni ya amperi 32, mutu aliiweka ju ile ya 16 ilikuwa "inasumbua". Ilikuwa inasumbua ju ilikuwa inafanya kazi yake, mama. Murudishe ya 16, kebo ya 2.5 mm² ya kopa ya kweli (ukikwangua ndani ukaona nyeupe, ni aluminiumu imepakwa kopa), na taa mugawe kwa laini mbili.

Taa zangu za DMX (zenye kuongozwa na kebo ya alama) za mwisho kwa laini zinacheza zenyewe, za mbele ziko sawa. Lubumbashi.

Unatumia kebo ya mikro, nakisia. Nunua ya DMX, na kwa taa ya mwisho chomeka fishi yenye rezistansi ya omu 120 kati ya muguu 2 na 3. Usigawanye laini na fishi ya matawi mawili, na usipite taa 32. Ikiendelea, badilisha kebo moja moja, kuko yenye kukatika ndani.